UZI: Kiwanja au nyumba kando ya mto – pima haya kabla hujatoa hata shilingi

Pimamaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Viwanja vya "mandhari ya mto" huuzwa sana kati ya Julai na Septemba, na si kwa bahati. Agosti, huku Dar, Mto Mpiji au Mto Mbezi maji yanaishia kwenye kifundo cha mguu, kwingine ni mchanga mtupu na watoto wanapigia mpira. Mnunuzi anasimama ukingoni, upepo unapuliza, dalali anasema "hapa baba maji hayajawahi kufika", biashara imekwisha. Basi nimeandika hapa vipimo ambavyo mtu yeyote anaweza kuvifanya akiwa na tepu, jembe na mpira wa maji.

Kwanza, mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Zinahesabiwa kutoka juu ya ukingo, si kutoka pale maji yalipolala siku ya kiangazi. Hapo ndipo watu wanapigwa: dalali anaanzia katikati ya mkondo, mnunuzi anapoteza mita 15 au 20. Simama juu ya gema, vuta tepu ya mita 30 mara mbili, kwa pembe mraba na mkondo. Rudia sehemu tatu za kiwanja, maana mto haunyooki kama rula. Kiwanja cha 20 kwa 30 kikiangukia chote ndani ya hizo 60, hapo umenunua bustani, nyumba tafuta pengine. Waliokuwa Bonde la Msimbazi wanaikumbuka alama nyekundu ya X ya kubomolewa na tingatinga la Desemba 2015 na Januari 2016.

Pili, mstari wa mafuriko. Mita 60 ni za sheria. Maji yenyewe hayaijui sheria; kwenye uwanda tambarare yanaweza kwenda mita 300. Tafuta alama: mstari wa tope kwenye kuta za majirani, mifuko ya plastiki na majani makavu yaliyonasa kwenye matawi, magome yaliyochubuliwa upande mmoja wa mti (upande maji yanakotokea). Kisha chimba shimo la mita moja na nusu. Ukikuta tabaka jembamba la mchanga safi limelala katikati ya udongo mweusi, mto ulishapita hapo na kuacha mzigo wake. Ukikuta matabaka matatu, umeshapita mara tatu.

Ukishaipata alama ya juu kabisa, ihamishie kwenye kiwanja kwa mpira wa maji, ule mwangavu wa mafundi wa kupimia levo:

1. Jaza maji bila povu. Kiputo kimoja kilichokwama katikati kinakudanganya, kwa hiyo zungusha mpira mpaka vitoke vyote.
2. Mmoja ashike ncha ya kwanza, usawa wa maji ulingane na alama ya tope.
3. Wa pili aende na ncha nyingine mpaka urefu wa mpira utakapoishia, apige mambo ardhini na kuchora mstari palipo usawa wa maji.
4. Kutoka mstari huo, endeleeni mpaka mfike pale unapotaka kuweka nyumba.

Mstari wa mwisho ukiwa sentimita 40 juu ya ardhi, mafuriko yale yakirudi utakuwa na sentimita 40 za maji hapo. Chukua alama iliyo mkabala na kiwanja chako, si ya mita 400 chini, kwa sababu uso wa maji nao una mteremko. Na usitumie kimo cha kwenye simu. Kinakosea mita kadhaa, wakati wewe unabishania sentimita.

Tatu, kona. Mto ukipinda, upande wa nje wa kona unaliwa na upande wa ndani unaongezwa mchanga. Dalali atakupeleka upande wa nje, kwa sababu gema ni refu na mto unaonekana vizuri. Ndio huo unaobomoka.

Karibuni mjazie nyama.

---

Kigoda

Mkuu, asante. Swali: kikiwa kimepimwa na kina hati, si maana yake serikali yenyewe imeshakubali?

---

Bikoni Tatu

@Kigoda, si lazima. Upimaji unasema kiwanja kinaanzia wapi na kuishia wapi. Matumizi yake yanasemwa na mchoro wa mipango miji. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na namba ya kiwanja na kitalu, omba kuuona mchoro wa mipango miji wa eneo. Angalia matumizi yaliyoandikwa: makazi, eneo la wazi, au hifadhi ya mto. Baadaye omba ramani ya upimaji na usome mwaka wake. Ramani ya miaka 25 iliyopita inaonyesha mto ulipokuwa wakati ule. Mito ya Mbezi na Tegeta imepanuka mno kwa sababu ya uchimbaji wa mchanga, na bikoni (alama za mipaka ya kiwanja) zilizokuwa nchi kavu siku hizi zinaning'inia hewani. Mwite mpima ardhi aliyesajiliwa azitafute bikoni zote nne. Ikikosekana moja ya upande wa mto, usikubali kuambiwa "watoto waling'oa". Mwisho ni upekuzi kwa msajili wa hati, kujua mmiliki ni nani na kama kuna rehani.

Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa inathibitisha kwamba fulani kamuuzia fulani. Haisemi kwamba panajengeka.

---

Jirani wa Athi

Huku Kenya hesabu ni tofauti kidogo, kwa wale wanaonunua ng'ambo ya mpaka. Sehemu ya hifadhi ya mto hufuata upana wa mto wenyewe: si chini ya mita 6, si zaidi ya 30, kila upande. Lakini mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipopiga Mathare na mitaa mingine ya Nairobi, amri iliyotoka ni watu wote walio ndani ya mita 30 wahame. Kwa hivyo ndugu zangu, hata mto wako ukiwa mwembamba kama mtaro, hesabu 30.

---

fundi_mkanda

Nazungumzia chini ya nyumba tu.

Udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni huvimba ukinyweshwa na hujikunja ukikauka. Ndio unaoleta zile nyufa za ngazi kwenye kona za madirisha, fundi anaziba kwa lipu kila mwaka na kila mwaka zinarudi. Jipimie: chukua udongo wa kina cha mita moja, ulowanishe, ufinyange kijiti chembamba kuliko penseli. Ukikikunja kama pete na hakikatiki, huo ni mfinyanzi haswa. Msingi wa kawaida wa mkanda wa mawe hapo haudumu.

Njia ni mbili. Ukiwa wa kina kifupi, tuseme mita moja au chini ya hapo, uondoe wote mpaka ardhi ngumu, rudishia moramu kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji kidogo na lishindiliwe kabla ya kuweka jingine. Ukiwa wa kina kirefu, weka jamvi la zege lenye nondo chini ya nyumba nzima, na hapo alipwe mhandisi achore. Nondo za kukisia zinamla mwenye nyumba mara mbili: kwanza kwenye manunuzi, halafu kwenye nyufa.

Sakafu iwe angalau sentimita 60 juu ya ule mstari aliousema Pimamaji. Kozi ya tofali lililosimamishwa ni kama sentimita 25 pamoja na mota, kwa hiyo 60 ni kozi mbili na nusu, piga tatu. Soketi zikae mita 1.2 kutoka sakafuni, na nyaya zishuke kutoka juu, zisipandishwe kutoka chini.

Fensi: usijenge ukuta wa tofali kukatiza njia ya maji. Maji yakifika yanaugeuza bwawa, upande mmoja mita moja ya maji na upande wa pili pakavu, halafu unalala wote kwa mkupuo. Upande wa mto weka wavu au michongoma.

---

Bosi Mdogo

Mbona mnawatisha watu. Mwaga malori 40 ya kifusi, nyanyua kiwanja mita moja, maisha yaendelee. Mbona wengi wamefanya.

---

fundi_mkanda

@Bosi Mdogo, tupige hesabu. Kiwanja cha 20 kwa 30 ukikinyanyua mita moja ni meta za ujazo 600 *baada ya* kushindiliwa. Lori la kawaida la tani 15 linabeba kama meta za ujazo 8 hadi 10 za udongo uliolegea. Malori 40 hayakufikishi hata sentimita 60. Na kifusi kinachopatikana mjini kina vigae, mbao na mifuko. Mbao zinaoza, panatitia, sakafu inabaki inaelea juu ya uwazi.

Kisha maji uliyoyanyima nafasi yanakwenda kwa jirani. Yeye naye atamwaga malori 60.

---

Pimamaji

Naongezea hapo: usiangalie mvua ya kwako tu. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe. Ikinyesha huko juu, Jangwani panafurika hata kama kwenu kuna jua. Na kila paa jipya na kila barabara ya lami huko juu inaharakisha maji kushuka, kwa hiyo "miaka 20 hayajawahi kufika" ni habari ya mji uliokuwa na mapaa machache. Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walikufa Dar, na waliookolewa mabondeni wakapelekwa Mabwepande.

Kagua pia njia ya kwenda mjini. Nyumba inaweza kuwa juu salama, lakini kalavati la pekee likikatika mko kisiwani siku nne. Tembea njia zote mbili, kama zipo mbili.

---

Kitonga wa Rufiji

Wenzetu wa mjini mnagundua leo kitu ambacho Warufiji wanakifanya tangu enzi. Bondeni ni shamba. Makazi ni juu, hasa tangu Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969 ilipowapandisha watu kutoka uwandani. Anayebaki bondeni kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe analala kwenye dungu, kibanda cha miti kilichonyanyuliwa juu ya nguzo, cha msimu tu. Maji yakishuka kuanzia Mei au Juni unapandwa mlau: mahindi, kunde na maboga kwenye tope lenye unyevu, bila kumwagilia. Mafuriko ni mbolea ukiwa na shamba, na ni msiba ukiwa na sebule.

Lakini msikariri kalenda ya wazee. Tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa, mto hauendi na mvua peke yake. Aprili 2024 maji yaliingia vijijini Rufiji na Kibiti kwa kiasi kikubwa. Anayeishi chini ya bwawa lolote ajue ofisi ya kijiji inapokeaje taarifa ya maji kufunguliwa na inaitangaza vipi.

---

Keremkerem

Jina langu ni la ndege, na ndege huyo atakusaidia. Ukiona gema limesimama wima na lina vitundu vingi vya duara, vya upana wa ngumi, hayo ni makazi ya keremkerem au mdiria. Wanapenda gema jipya, lililokatwa na maji karibuni, lisilo na nyasi. Panapendeza kwa picha. Kwa nyumba ni habari mbaya: ukingo huo unaliwa sasa hivi.

Kuhusu kulinda ukingo, watu wengi hawajui kwamba gema halibomoki sana wakati mto umejaa. Linabomoka mto *ukishuka*. Maji ya mto yalikuwa yanalisukuma kutoka nje. Yakiondoka ghafla, udongo uliolowa ndani unabaki mzito na hauna cha kuuegemeza, unaporomoka. Ndiyo maana ukuta wa zege usio na matundu ya kutolea maji unaanguka siku ya pili, jua likiwa limeshatoka. Matundu ya bomba la inchi 2 au 3 kila mita moja na nusu, na kokoto nyuma yake, ndiyo yanayoupa uhai.

Bei nafuu zaidi ni nyasi za vetiva. Pandikiza mwanzo wa mvua, mashina matatu pamoja, sentimita 10 hadi 15 kati ya shimo na shimo, mstari ufuate usawa wa mlima na si kushuka nao. Mistari ipishane mita moja ya kimo. Mizizi inashuka mita mbili hadi tatu. Ukiacha nafasi ya nusu mita kati ya mashina, maji yanapita hapohapo na kuchimba korongo. Viroba vya mchanga ni vya dharura tu, jua linavichana ndani ya miezi.

Gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) ni nzuri, ila nyingi zinaangukia mbele kwa sababu kitako kimewekwa juu ya mchanga wa mto na maji yakakifukua. Na chochote cha kujengwa mtoni kinahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde husika. Kwa Mpiji, Msimbazi na Ruvu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

---

Kigoda

Na choo? Maana kila mtu anaruka hapo.

---

Msafi wa Ukonga

Choo ndicho kinachoamua, @Kigoda.

Chimba shimo la majaribio la mita mbili mwezi wa Aprili au Mei, lifunike, kesho yake pima maji yamesimama wapi. Kitako cha shimo la kunyonya kinatakiwa kiwe mita moja na nusu juu ya maji hayo. Maji yakiwa mita moja tu kutoka juu, shimo la kawaida halifanyi kazi: masika linajaa kwa chini, na unachokinusa sebuleni ni jibu.

Kama maji yako mbali, pima unyonyaji. Shimo la sentimita 30 kila upande, kwenye kina kitakachotumika. Lijaze, liache usiku kucha lilowe, asubuhi lijaze tena, weka rula. Likishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, udongo haunywi, achana na shimo la kunyonya. Likishuka kwa kasi ya kukimbia, ni mchanga mtupu na kisima chako kiko hatarini. Choo na kisima viachane mita 30, na choo kiwe upande wa chini.

Ukienda kwenye tanki lililozibwa la kunyonywa na gari, angalia hili: tanki tupu la lita 3,000 chini ya ardhi iliyojaa maji linasukumwa juu kwa nguvu ya tani 3. Linachomoka kama boya na kukata mabomba. Zege ndani ya maji linabaki na uzito wa kama tani 1.4 kwa meta ya ujazo, kwa hiyo kulishikilia kwa zege peke yake unahitaji zaidi ya meta mbili za ujazo, pamoja na mikanda ya kulifunga. Nyonya kiangazi, siyo Aprili, na siku hiyohiyo rudishia maji humo.

---

Mama Mchicha

Mmeongea majanga mpaka mtu atasahau kwa nini alitaka mto. Haya, maisha yenyewe sasa.

Mbu. Mto unaokwenda kasi hauzalishi mbu wa malaria kama watu wanavyodhani. Wanatoka kwenye vidimbwi vinavyobaki maji yakishuka, kwenye alama za matairi, kwenye kwato za ng'ombe. Yai hadi mbu ni siku kama 7 hadi 14, kwa hiyo zungukia vidimbwi kila Jumamosi na jembe, fukia au chimbia kamfereji kurudi mtoni. Wavu madirishani na chandarua vinabaki palepale.

Kichocho. Hiki kinatoka kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono, na vimelea hutoka kwenye konokono kwa wingi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, saa ambazo watoto wanaogelea. Maji ya kuogea yachotwe na kukaa kwenye pipa lisilo na konokono siku mbili kabla ya kutumika. Mtoto akikojoa damu asipewe miti shamba, apelekwe akapimwe. Dawa ipo na hutolewa kwa uzito wake.

Bustani. Kuchota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali. Ukifunga pampu na bomba, unahitaji kibali cha bodi ya bonde. Pampu ya petroli ya inchi 2 haivuti maji kutoka kina kinachozidi mita 7 hivi, hata muuzaji akuapie. Gema likiwa refu, shusha pampu karibu na maji, usirefushe mpira wa kuvutia. Ikikataa kuvuta, tatizo mara nyingi ni hewa inayoingia kwenye kiungio cha mpira. Kaza klipu, jaza maji kwenye pampu upya. Kichujio kifungwe kwenye ndoo iliyotobolewa, kining'inie, kisilale kwenye mchanga. Jioni pampu inarudi nyumbani.

Na maji ya Msimbazi msimwagilie mchicha jamani. Mboga za bonde lile zimeshapimwa zikakutwa na metali nzito kama risasi. Kuosha hakuondoi kilicho ndani ya jani.

---

Kitonga wa Rufiji

Dada umesahau wenye mto wao. Ruvu, Wami, Rufiji, Kilombero kuna mamba na kiboko. Mamba anasoma ratiba: ukichota sehemu moja saa ileile kila siku anajua. Badilisha sehemu, tumia ndoo yenye kamba, usiingie kwenye maji kushika ndoo. Kiboko anapanda kula nyasi usiku na ana njia zake, utaziona kama mitaro miwili sambamba iliyokanyagwa. Usijenge wala kulima juu ya njia hiyo, na usisimame kati ya kiboko na maji.

---

Kigoda

Nimeelewa. La mwisho: nyumba ikiwa juu, mita 80 kutoka ukingoni, huo mto nitaufaidije? Nataka pa kukaa jioni.

---

Mama Mchicha

Baraza la nyumba lielekee mtoni, madirisha yapishane pande mbili upepo upite, la sivyo unyevu utaziotesha nguo ukungu kabatini. Katikati ya nyumba na ukingo acha miti iliyopo, punguza matawi ya chini tu uone maji. Kijinjia kishuke kwa kupindapinda. Kikinyooka, masika inayofuata ni mtaro.

Huko chini usijenge kitu. Benchi la mbao lisilochimbiwa, limefungwa kamba ya katani kwenye mti wa juu, linatosha watu wanne. Mwisho wa Februari unalifungua na kulipandisha nyumbani, Juni linashuka tena. Saa kumi na mbili kasoro, yangeyange wanarudi kulala, unakuwa na kama dakika 40 kabla mbu hawajaanza. Beba mkeka na chupa ya chai.

---

Kigoda

Kamba ya katani au ya nailoni?

---

fundi_mkanda

Nailoni mkuu. Katani inaoza.